Kutoka Sikioni hadi Kwenye Kifundo cha Mkono

Miaka ya 1980, kila Januari, nilikaa chini ya mwarobaini wa shule yetu ya msingi huko Temeke, rejesta mapajani, nikiandikisha darasa la kwanza. Wazazi wachache walikuja na kadi ya kliniki. Cheti cha kuzaliwa nilikiona kwa nadra, na aghalabu kilikuwa cha mtoto wa askari au wa karani wa bandari. Waliobaki tuliwapima kwa kipimo kimoja: pitisha mkono juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili. Akilishika ana miaka saba, naandika mwaka. Vidole vikiishia kwenye nywele, namwambia mama amrudishe mwakani. Kuna akina mama waliokuwa na haraka ya kupata nafasi nyumbani. Hao walijifanya wanamwekea mtoto shati vizuri, kumbe wanausukuma mkono wake kwa nyuma ufike.

Sikukidharau kipimo kile. Mimi mwenyewe nimezaliwa tarehe 1 Julai kwa sababu karani aliyenijazia fomu ya sekondari alikosa tarehe nyingine ya kuniandikia. Mama yangu, Mkuranga, alichokumbuka ni kwamba mikorosho ilikuwa imechanua. Karani alisema mikorosho haiandikwi kwenye fomu. Nilipofika chuo cha ualimu nilikuta wenzangu chungu nzima waliozaliwa siku hiyo hiyo, tukawa tunapongezana kwa pamoja na kucheka.

Naanza na sikio kwa sababu siku hizi kila timu ya vijana ikifungwa naulizwa: Mwalimu, soka la vijana la nchi hii liliharibikia wapi? Muulizaji hutarajia niseme viwanja, au mipira, au makocha. Hayo yote ni kweli na yameshasemwa sana. Lakini mimi, pamoja na kufundisha, nilikuwa katibu wa timu ya mtaa kwa miaka 19, na kazi ya katibu ni karatasi. Historia hii naijua kutokea upande wa karatasi, na upande huo ndio ulionitia aibu.

Chandimu haina katibu. Mpira ni matambara yaliyofungwa nailoni na kamba ya mkonge, goli ni mawe mawili, mwamuzi hayupo. Katika chandimu hakuna mwenye miaka kumi na nne wala kumi na sita. Kuna mkubwa na mdogo, basi. Mdogo mwenye uwezo huchezeshwa na wakubwa, anapigwa kikumbo, anajifunza kuachia mpira mapema kabla mguu wa mtu haujafika. Wachezaji wote wazuri niliowaona wakikua walipita humo, na hakuna aliyewauliza tarehe ya kuzaliwa. Umri unaanza kuwa na maana siku ile mtu mmoja anapoleta kombe na kusema hili ni la walio chini ya miaka 17.

Klabu zetu kubwa zilichelewa kufika huko. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936, na kwa miongo mingi mchezaji alikuja kwao akiwa ameshaiva, kutoka mtaani, kutoka Tanga, kutoka Morogoro, kutoka jeshini. Alilelewa na nani, halikuwa swali lao. Aliyejaribu kubadili hilo mapema, kwa kadiri ninavyokumbuka mimi, alikuwa mgeni: Victor Stanculescu, Mromania aliyeifundisha Yanga miaka ya 1970, watu wakamwita Profesa. Pamoja na kunoa timu kubwa, alikusanya kikosi cha vijana, kikaitwa Yanga Kids. Niliwaona mara mbili pale Jangwani, nikiwa kijana mwenye nauli ya kwenda tu. Wakati timu nyingine zikikimbia kuzunguka uwanja mpaka watu watapike, wale watoto walikuwa na mipira, na walirudia jambo moja dogo, kupokea na kugeuka, mpaka sisi watazamaji tukachoka. Mzee mmoja karibu yangu alilalamika kwamba Mzungu anapoteza muda.

Kisha ukaja mgogoro. Yanga ilipasuka, na mwaka 1976 ikazaliwa Pan African, wachezaji wengi wakaenda upande ule. Ugomvi ulikuwa wa wakubwa, ila mche ni wa kwanza kukatika watu wanapopigana shambani. Sitaki kukuza mambo: kizazi kile kilitupatia matunda. Tarehe 26 Agosti 1979 Peter Tino alisawazisha kule Ndola, tukatoka 1–1 na Zambia, na Machi 1980 Taifa Stars wakawa Lagos kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, Leodegar Tenga akiwa nahodha. Tulifungwa na Nigeria 3–1, tukafungwa na Misri 2–1, tukatoka sare 1–1 na Ivory Coast. Nilisikiliza redioni nikaamini tutarudi baada ya miaka miwili. Tulirudi 2019.

Kati ya hapo kulikuwa na malezi ya aina nyingine, ambayo hayasemwi sana kwa sababu hayakuitwa malezi. Mashirika ya umma yalikuwa na timu: Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, Bandari, CDA ya Dodoma, Ushirika ya Moshi. Kijana wa miaka kumi na nane aliyecheza vizuri alipewa kazi, labda ya utarishi, labda ya stoo, na mazoezi ya jioni. Aliweza kukosea msimu mzima na bado akapata mshahara mwisho wa mwezi. Huko mashuleni kulikuwa na mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, ambako mwalimu wa michezo wa Bukoba alipeleka watoto wake wakakutana na wa Lindi. Hakuna aliyekaa mezani akaipanga kama njia moja, ila ilipitika: shule, mtaa, shirika, Taifa. Miaka ya 1990 mashirika yakabinafsishwa, na mwenye mali mpya akitazama orodha ya wafanyakazi hakuona sababu ya kumlipa winga wa kushoto. Timu zikafa moja moja. Baadaye kidogo hata mashindano ya shule yakasimamishwa kwa miaka kadhaa, kwa hoja kwamba yanawapotezea wanafunzi muda wa kusoma. Yule mzee wa Jangwani angefurahi.

Sisi wa mitaani tukabaki ndio njia yenyewe.

Timu yetu siitaji, wenzangu wengine bado wako hai na wana wajukuu. Tulikuwa na jezi seti moja, njumu jozi tisa za kupokezana, na uwanja wa mchanga ambao mvua ikinyesha ulikuwa bwawa. Mwaka 1997 yakatangazwa mashindano ya wilaya ya vijana chini ya miaka 17. Zawadi: seti mpya ya jezi, mipira miwili na fedha kidogo. Kwa timu yenye njumu jozi tisa hiyo ilikuwa Kombe la Dunia.

Tulikuwa na mtoto mmoja wa miaka kumi na tano, mguu wa kushoto, mwembamba kama mshale. Umri wake niliujua kwa hakika kwa sababu alikuwa mmoja wa wachache wenye kadi ya kliniki. Na tulikuwa na mwingine, namba tisa, ambaye mimi mwenyewe nilimwandikisha darasa la kwanza mwaka 1984, chini ya mwarobaini ule. Alishika sikio bila shida, nikaandika 1977. Hesabu ni rahisi. Mwaka ule wa mashindano alikuwa na miaka ishirini, ndevu anazinyoa kwa wembe wa kaka yake.

Kamati ilikaa barazani kwa mwenyekiti. Kocha akasema timu nyingine zote zinachezesha vijeba. Ilikuwa kweli, tulikwenda kuwachungulia wapinzani mazoezini tukakuta beki wao anasubiriwa na mke na mtoto pembeni ya uwanja. Mwenyekiti akanigeukia: "Mwalimu, wewe ndiye mwenye mwandiko." Hicho ndicho alichosema, na sote tulielewa. Kesho yake nikaenda na kijana kwa mtu wa viapo, akaapa kwamba kazaliwa 1981 na cheti hakupata kuwa nacho. Sehemu ya pili ya kiapo ilikuwa ya kweli. Nikajaza fomu, nikabandika picha ya pasipoti, ndevu zimenyolewa, nikapeleka.

Hapo mtu ataniuliza, na wenye mashindano je? Walitazama karatasi, karatasi ilikuwa na muhuri. Wangetazama nini kingine? Sheria ya kuandikisha vizazi tuliyoirithi ilikuwa ya wakati wa Mwingereza, ya 1920, na haikuwalazimisha Waafrika. Ilihesabu kwanza watoto wa wageni. Hata baada ya uhuru kazi ilikwenda polepole. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2010 ulikuta kwamba kati ya watoto 100 walio chini ya miaka mitano, waliosajiliwa walikuwa 16 tu. Ndiyo kusema, watoto waliokuwa tayari kucheza chini ya miaka 17 mwaka 2023, wengi wao walianza maisha bila karatasi. Kiapo hakikubuniwa kwa ajili ya mpira. Kilikuwa mlango halali kwa watu wasio na mlango mwingine, nasi tukaupitisha mtu mzima.

Tulichukua kombe. Namba tisa alifunga matatu kwenye nusu fainali, mabeki wa miaka kumi na sita wakimgonga na kuanguka wao. Fainali alifunga moja. Yule mshale wa kushoto alianzia benchi mechi zote tano. Dakika kumi za mwisho za mechi moja aliingia, akamtoka mtu mara mbili, kocha akamkaripia apige mbele kwa mkubwa. Msimu uliofuata hakuonekana mazoezini. Nilimwuliza mama yake, akasema anashinda sokoni Tandika anabeba mizigo, maana mpira haumlipi. Sikuwa na la kumjibu, nikanunua nyanya nikaondoka.

Nimeifikiria sana hukumu ya jambo lile, na sitaki kujificha nyuma ya neno "wote walifanya". Lakini nina neno moja la kulieleza, si la kujitetea. Timu ya vijana ukishaipa kombe, kocha ataacha kutafuta mtoto, atatafuta kombe. Na klabu kubwa kwetu ziko hivyo kuanzia juu. Kiongozi anachaguliwa na wanachama kwa muhula wa miaka michache. Mtoto wa miaka kumi na tatu anahitaji miaka saba kufika timu kubwa. Na katikati ya hiyo saba kuna mechi za watani, Simba na Yanga, ambazo kufungwa humo kumewahi kuwafukuzisha makocha wasio na idadi. Nani atakayepanda mnazi ili mwenyekiti ajaye ndiye anywe dafu? Kwa hiyo timu za vijana zikawa mapambo, au zikawa maghala ya wachezaji wasioitwa wazee tu kwa sababu karatasi imekataa.

Dhambi yetu ya mtaani ilifika hadi Taifa. Serengeti Boys, timu yetu ya chini ya miaka 17, ilifuzu fainali za Afrika za 2005 zilizopangwa kufanyika Gambia. Nchi ilishangilia. Kisha tukaondolewa kabla ya kupanda ndege: kulikuwa na mchezaji aliyezidi umri. Tenga, nahodha wetu wa Lagos, ndiyo kwanza alikuwa amechukua uongozi wa shirikisho letu la soka, TFF, mwishoni mwa 2004, na lile likawa miongoni mwa mambo ya kwanza kumwangukia mezani. Siku ile barazani kwetu watu walilaani wale waliotushtaki. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa najiuliza ni katibu gani, wa timu ya mtaa gani, mwenye mwandiko mzuri.

Hatukuwa peke yetu, na hatukuwa wa kwanza. Nigeria ilifungiwa na FIFA miaka miwili mwaka 1989 kwa sababu tarehe za wachezaji wake hazikuoana kati ya mashindano na mashindano. Ni hadithi ya nchi nyingi ambako mtoto huhesabiwa kwa msimu, kwa mafuriko, kwa mwaka wa njaa. FIFA ikachoka na karatasi, ikageukia mfupa.

Jambo hili linastahili kuelezwa taratibu kwa kuwa huku mitaani limejaa uvumi. Mfupa wa kigasha, ule wa upande wa dole gumba, karibu na kifundo una utando wa gegedu ambao ndio unaourefusha. Mtu akikomaa gegedu hilo hugeuka mfupa, pengo likazibika. Mashine ya MRI hupiga picha ya hapo bila miale ya eksirei, kwa sababu si haki kumpiga miale mtoto mzima asiyeumwa ili tu acheze mpira. Daktari huipa picha daraja, kuanzia 1 mpaka 6. Ikiwa 6, pengo limeziba lote, na ni nadra mno kwa mvulana asiyefika 17 kuwa hivyo. Kipimo kilianza kutumika rasmi kwenye Kombe la Dunia la vijana la 2009, Nigeria, na wenyeji wenyewe walilazimika kuwaacha wachezaji kadhaa kabla ya kuanza.

Nilipoelezwa haya mara ya kwanza na daktari mmoja, mzazi wa mwanafunzi wangu, nilicheka mpaka akakasirika. Tumetoka mbali kote huko, tumerudi kule kule kwenye mkono. Na mfupa, kama sikio, hautaji siku ya kuzaliwa. Unasema tu kama umevuka au hujavuka. Yuko kijana wa miaka 18 ambaye pengo lake halijaziba, atapita. Yuko, mara chache, wa 16 aliyekomaa mapema, atakwama na kuitwa mwongo mbele ya watu.

Hata hivyo ni mfupa huo uliotupatia haki yetu siku moja. Mwaka 2016 Serengeti Boys chini ya Bakari Shime waliwatoa Shelisheli, wakawatoa Afrika Kusini, kisha wakakutana na Kongo Brazzaville. Dar tulishinda 3–2, Brazzaville tukafungwa 1–0, tukatoka kwa bao la ugenini. TFF ikamkatia rufaa mchezaji mmoja wao. Shirikisho la Afrika, CAF, likaagiza apelekwe Gabon kupimwa, na hakutokea. Mapema 2017 Kongo ikaondolewa, sisi tukaingia fainali za Afrika, huko huko Gabon: sare ya bila mabao na Mali, waliokuja kuwa mabingwa, ushindi wa 2–1 dhidi ya Angola, na kufungwa 1–0 na Niger, ambao walikuwa na pointi nne kama sisi lakini walitufunga, hivyo wakapita. Miaka kumi na mbili baada ya aibu ya 2005 tulikuwa upande wa walalamikaji, na watu walewale wa barazani waliolaani walalamikaji sasa waliujua utaratibu wa rufaa kifungu kwa kifungu.

Aprili 2019 mashindano hayo yakaja Dar es Salaam. Nilikwenda Uwanja wa Taifa na mjukuu wangu. Tulifungwa na Nigeria 5–4, mechi tamu na chungu, kisha 3–0 na Uganda, kisha 4–2 na Angola. Guinea ilifika fainali, baadaye ikanyang'anywa nafasi ya Kombe la Dunia kwa kuwa wachezaji wake wawili walikuwa wamewahi kucheza Japan kwa tarehe nyingine za kuzaliwa. Siku hizi hata tarehe ya mashindano ya kirafiki ina mtu anayeiweka kwenye kompyuta. Mwaka 1997 fomu yangu ilifungiwa kwenye kabati la mbao.

Nisiwe mzee wa kulaumu tu. Kuna waliojenga. Azam, timu iliyoanzishwa 2004 na kupanda Ligi Kuu 2008, ilijenga Chamazi viwanja, mabweni na kituo cha vijana, na haikuwa na wanachama wa kuipigia kelele barazani. Labda ndiyo maana iliweza kusubiri. Farid Mussa na Shaaban Chilunda walikwenda Tenerife, Hispania, wakitokea huko, na Novatus Dismas amepita huko kabla ya Israel, Ubelgiji, Ukraine na Uturuki. Simba nayo ilipata wakati wake: Agosti 2012 iliwapeleka vijana wa kikosi cha pili, chini ya Selemani Matola, kwenye mashindano ya BancABC dhidi ya timu za wakubwa, wakarudi na kombe. Jonas Mkude alikuwa wa kundi hilo, na watu wanajua alidumu miaka mingapi katikati ya uwanja. Lakini ukiuliza wangapi wa kundi lile walipewa miaka miwili ya kukosea kwenye timu kubwa, vidole vya mkono mmoja vinatosha.

Mbwana Samatta ndiye wanayemtaja wote, basi nami nimtaje kwa jambo lisilotajwa. Kazaliwa Desemba 1992, wa Mbagala, akacheza African Lyon, akaenda Simba 2010, na mwaka uliofuata TP Mazembe ya Lubumbashi ikamchukua baada ya kumwona akiichezea Simba dhidi yao. Bingwa wa Afrika 2015, Genk Januari 2016, Aston Villa Januari 2020. Sasa sikiliza hesabu ya katibu. Tangu 2001 FIFA ina kanuni: mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei hukatwa ikagawiwa klabu zote zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka wa malezi kuanzia 12 hadi 15 una robo ya asilimia moja. Kila mwaka kuanzia 16 hadi 23 una nusu. Mchezaji akiuzwa dola milioni moja, klabu iliyokaa naye mwaka alipokuwa na 17 ina haki ya dola 5,000. Kwa timu ya mchanga, hizo ni njumu za miaka mingi.

Ila hulipwi kwa maneno. Unalipwa kwa usajili wenye tarehe. Na ukimpunguzia kijana miaka minne, ule mwaka uliomlea akiwa na 14 kwenye karatasi unasomeka alikuwa na 10, na mwaka wa 10 hauna senti. Hili nililieleza kwenye kikao cha makatibu wa timu za mitaa miaka michache iliyopita. Kwa habari ya haki na dhambi walikuwa wananisikiliza kwa adabu huku wakichezea simu. Nilipofika kwenye dola 5,000 wote walitoa kalamu.

Na yule namba tisa? Baada ya kombe letu klabu moja kubwa kuliko sisi ilimchukua kwenye timu yake ya vijana. Alicheza misimu miwili kwa tarehe niliyompa. Goti likamkatalia, naye akiwa na 23 halisi huku wao wakidhani ana 19 na wakishangaa mbona hakui. Nikampoteza.

Mwaka 2021, nikiwa nimestaafu zamani, akaja nyumbani, mtu mzima, mvi zimemwanza pembeni. Shule ilimwelekeza kwangu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Karibu ukae, baba."

Anafanya ulinzi kwenye ghala moja huko Kurasini. Shida yake ilikuwa ndogo na ndefu. Kitambulisho chake cha Taifa kinasema 1981, kwa sababu alipokwenda kujiandikisha aliyokuwa nayo ni hati ya kiapo ile ile ya mpira. Kadi yake ya mfuko wa jamii inasema 1977, kwa sababu mwajiri wake wa kwanza alimjaza kwa barua ya shule. Mfumo wa kompyuta unaona watu wawili. Ameambiwa alete uthibitisho wa shule, kutoka kwenye rejesta ya kwanza, na mwalimu aliyemwandikisha athibitishe mwandiko.

Hakunilaumu hata kwa neno moja. Ningependa anilaumu. Aliuliza habari za wenzake, tukawataja, tukafika kwa yule wa kushoto. "Yule dogo alikuwa ananizidi," akasema. "Mimi nilikuwa mkubwa tu."

Tulikwenda shuleni pamoja. Mwarobaini umekatwa, kuna darasa jipya hapo. Mwalimu mkuu, binti niliyewahi kumfundisha, alitutolea rejesta ya 1984, kurasa zimeliwa pembeni na mende. Nililitafuta jina kwa kidole. Lilikuwepo, kwa mwandiko wangu wa ujana, wenye mikia mirefu, na mbele yake mwaka, 1977, bila siku, bila mwezi. Nikaazima kalamu, nikaandika barua kwamba mimi, mwalimu mstaafu, nathibitisha kuwa huu ndio mwaka wake halisi wa kuzaliwa. Mwalimu mkuu akauliza niliupata wapi, kwa kadi ya kliniki au kwa cheti.

Nikamwambia, kwa sikio. Akagonga muhuri.